Zizi la Kalunde

Baba alisimama katikati ya posa yangu, akalirudisha shuka lake begani, akasema hatoi hata kwato.

"Hata kwato, Mzee Apolinari. Binti yako simkatai, binti ni mzuri. Ila kwa maneno hayo, sitoi."

Mimi nilikuwa nimekaa mkekani karibu na mlango, mahali pa muoaji, macho chini kama nilivyofundishwa. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilitamani kusimama nimshike baba mkono, na nilitamani pia kusimama nimshike shati Mzee Apolinari. Sikufanya lolote. Muoaji hasemi kwenye posa yake.

Na mambo yalikuwa yameanza vizuri! Mshenga wetu, Maiko, mtu ambaye angeweza kumbembeleza nyuki akampa mzinga, alikuwa amewachekesha wenyeji tangu mlangoni. Shangazi wa Capitoline, binti tuliyekuja kumposa, alipouliza tumefuata nini, Maiko akajibu kwamba tuna mpunga wetu nyumbani umekaa muda mrefu, na tumesikia nyumba hii ina mashine nzuri ya kukoboa.

"Mashine ipo," shangazi akasema, "ila haikoboi mpunga wenye mawe."

"Mama, huu tumeupepeta wenyewe. Angalia ulivyokaa mkekani, mweupe kabisa."

"Mweupe? Huo mbona kama umeungua?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi mwenye rangi yangu ya mkaa nikacheka ndani kwa ndani. Mzee Apolinari ana mashine ya kukoboa hapo Usevya, na Capitoline ndiye anayeiendesha. Nilikutana naye hapo. Siku ya kwanza aliniambia, "Sogeza gunia!" kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini, usoni amejaa vumbi la pumba kama aliyepakwa unga. Nikasogeza gunia. Mimi ambaye siambiwi kitu na mtu, nikasogeza, kisha nikarudi kesho yake na gunia ambalo halikuwa na haja ya kukobolewa.

Basi idadi ya ng'ombe ikakubaliwa bila kelele. Hapo ndipo Mzee Apolinari alipokohoa.

"Limebaki neno moja, Mzee Masele. Ng'ombe zenu zitoke Kalunde. Siwezi kumwoza mwanangu kwa watu ambao mifugo yao inawanyea babu zake."

Kila mtu hapa anaijua Kalunde. Zamani za mababu wa mababu zetu, watu wenye bunduki walikuja huku kukamata watu wakawauze mbali. Wapimbwe wa Kalunde, mababu wa kina Capitoline, walichimba handaki kuzunguka kijiji chao, wakasimika ukuta wa miti mibichi ya mikuyu, wakaingia ndani na watoto wao, wakapigana. Walikufa wengi, wakazikwa palepale walipoangukia. Lakini wale wenye bunduki waliondoka bila kuchukua hata mtoto mmoja. Miti ya ule ukuta, kwa kuwa ilikuwa mibichi, ikachipua. Leo ni mikuyu mikubwa iliyosimama kwa duara, kama watu walioshikana mikono wakakataa kuachiana.

Na ndani ya duara hilo, baba yangu alikuwa amejenga zizi.

Angeweza kujibu lolote. Angeweza kusema, tutazungumza. Badala yake uso wake ukakakamaa, ule uso wa Wasukuma wa kale ambao ukishafunga hakuna ufunguo.

"Mimi nimewanyea babu zenu?" akauliza taratibu.

"Ng'ombe zako."

"Ng'ombe zangu ni mimi." Ndipo aliposimama na kusema lile neno la kwato. Kisha akaongeza, "Nami nina sharti langu. Kesho mkutano wa kijiji unakaa kuamua kama Kalunde iingizwe kwenye hifadhi ya taifa. Nasikia mwanamke aliyeuchochea mkutano huo ni huyu tunayemposa. Aitwe hapa. Akiniahidi kwamba kesho atanyamaza, narudi kukaa. Asipoahidi, tunaondoka."

Kwa desturi, mwisho wa posa binti huitwa aulizwe kama anawafahamu wageni. Akisema anawafahamu, basi amekubali. Shangazi akatoka, akarudi naye. Alikuwa amevaa kitenge cha kijani na kilemba chake, miguu mitupu, ananukia mafuta ya nazi. Akapiga magoti katikati ya mkeka. Aliniangalia mara moja tu, kwa pembe ya jicho, nami moyo wangu ukaruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi.

"Mwanangu," shangazi akasema, "unawafahamu wageni hawa?"

"Nawafahamu."

Wanawake waliokuwa jikoni wakaanza kupiga vigelegele. Baba akanyoosha mkono, vikakatika.

"Binti. Kesho utanyamaza?"

Capitoline hakuinua kichwa. Mikono yake ilikuwa mapajani, vidole vimeshikana sana mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Shikamoo, baba," akasema.

Baba hakutegemea hilo. "Marahaba."

"Baba, nawafahamu nyie wote. Malale namfahamu na namtaka. Na kesho nitasema."

Baba akachukua fimbo yake pembeni ya mlango, akatoka. Maiko akanitazama, akanyanyua mabega kama mtu aliyemwagikiwa na maziwa. Nikatoka nyuma ya baba yangu, kwa sababu ndivyo mtoto anavyofanya, na kila hatua ilinichoma.

*

Sikufika nyumbani. Njia panda niliwaacha baba na Maiko, nikageuza pikipiki yangu. Nilijua atakuwa wapi.

Nilimkuta Kalunde, amekaa ukingoni mwa handaki, kitenge chake amekipandisha magotini, viatu vya plastiki kando. Jua lilikuwa limeanza kulegea. Upande wa magharibi udongo ulikuwa mweusi, umepinduliwa. Trekta la mtu fulani lilikuwa limeshaanza kulima, kwa kuwa handaki linatunza maji na mpunga unapenda maji. Lile jembe lilikuwa limeibua mifupa. Liliibua na risasi za gobori pia, duara, zimeota kutu, na watoto wa kijiji wakazifanya gololi. Hilo ndilo lililomtoa Capitoline kwenye mashine yake akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba.

"Umekuja kunigombeza," akasema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Anza basi, nina kazi."

"Ulikuwa unashindwa nini kunyamaza leo tu? Ungesema 'ndiyo baba', tukala, tukacheza ngoma, kesho ungesema unalotaka!"

Sasa akageuka. "Yaani nianze kumdanganya baba yako kabla sijamtengea hata maji ya kunawa?"

"Ningekuwa nimeshakuoa!"

"Ungekuwa umeoa mwongo."

Nikapiga teke donge la udongo likaangukia handakini. "Capitoline, mimi ni mwanaume. Nimekaa pale mkekani kama gunia, baba yako anasema tunawanyea babu zake, baba yangu anasema hatoi kwato, na wewe unasema utasema. Mimi nilikuwa wapi katika hayo yote? Chagua. Mimi au hili shimo."

Nilijuta kabla neno halijafika chini. Upepo ukapita kwenye mikuyu. Akasimama, akanijia mpaka karibu, nikaona vumbi la pumba bado limekaa kwenye nyusi zake pamoja na kuoga kote kwa ajili ya posa.

"Sikia, Malale. Mimi nilishachagua zamani. Nilichagua vyote viwili. Anayetaka nigawe ni wewe."

"Siyo mimi, ni baba."

"Basi usiniletee maneno ya baba kwa mdomo wako. Mdomo wako naupenda, usiniharibie."

Nikashindwa. Nilijaribu kukunja uso ukakataa kukunjika. Nikamshika mkono, nikasema lile ambalo lilikuwa limejipanga lenyewe kichwani nikiwa kwenye pikipiki:

"Mwili nitautumia, jasho langu liwe mali,
Wewe nitakufikia, hata njia iwe kali..."

"Hiyo umeitunga lini?"

"Sasa hivi. Njiani."

"Inaonekana. Bado ina vumbi." Lakini hakuutoa mkono wake. Akakiegemeza kichwa begani kwangu, nami nikasikia moyo wake unavyokwenda mbio, nikajua kwamba yule aliyepiga magoti kwa ushujaa mbele ya wazee alikuwa ametetemeka muda wote.

"Naogopa," akasema chini. "Nikisema kesho nakukosa. Nisiposema, mwakani hapa ni mpunga mtupu. Kijiji hiki kikipata mwenyekiti mpya kinapata na mawazo mapya. Mara tutapalinda, mara tutapakodisha. Ikiwa hifadhi ya taifa, hakuna atakayepagusa. Si trekta, si nyumba. Mpaka wa hifadhi upo pale ng'ambo, ni kuusogeza tu. Wametuambia kijiji kikikubali chenyewe, ndipo waanze hatua zao."

"Wala si ng'ombe," nikasema.

"Wala si ng'ombe. Sikufichi. Mtapoteza malisho mazuri."

Akalitazama zizi letu, boma la miiba lililokaa katikati kabisa ya duara.

"Kuna kitu sikielewi. Huku nyasi ziko kila mahali. Kivuli kipo hata kule bondeni. Kwa nini baba yako aliliweka zizi palepale walipolala watu? Wazee walimwonyesha. Walimwambia, hapa kuna makaburi. Ndiyo kwanza akajenga juu yake. Baba yangu hajalala vizuri tangu siku ile."

Sikuwahi kumuuliza. Baba akisema chomeka mti hapa, unachomeka.

"Muulize mwenyewe," nikasema, kwa sababu kengele za ng'ombe zilikuwa zimeanza kusikika. Baba alikuwa anarudisha mifugo.

*

Alituona kwa mbali, asipunguze mwendo. Ng'ombe waliingia kwenye duara wakipita kati ya mikuyu, vumbi jekundu likapanda, yule dume mweupe wa baba mbele yao kama mwenye nyumba. Capitoline alisogea pembeni, akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo, baba."

"Umeshanisalimia leo," baba akajibu. Kisha, kwa kuwa hakuna Msukuma anayeweza kuliacha goti la mtoto wa mtu ardhini bila jibu, akasema, "Marahaba. Inuka, utachafua nguo ya posa."

"Baba, naomba kuuliza."

"Umeshasema utasema. Kuuliza unaomba?"

"Kusema ni haki yangu. Kuuliza nakuomba."

Nilimwona baba akiuma mdomo wa chini. Hufanya hivyo anapotaka kucheka na hataki kuonekana.

"Uliza."

"Kwa nini zizi uliliweka hapa?"

Baba aliitazama fimbo yake. Ng'ombe walikuwa wakiingia zizini mmoja mmoja bila kuambiwa. Alipojibu, hakumtazama yeyote kati yetu.

"Baba yangu mzazi amelala Shinyanga. Unajua tulimzika wapi? Zizini. Kwetu, mwenye mji akifa anazikwa kwenye zizi la ng'ombe wake. Asubuhi zinampitia juu zikitoka, jioni zinampitia zikirudi. Anasikia kwato. Anajua mji bado upo. Mtu aliyezikwa nje ya zizi, huyo ni maskini, huyo hana mtu."

Akalichimba vumbi kwa ncha ya fimbo.

"Nikahama. Malisho yaliisha, nikahama, nikamwacha. Nimekuja huku sina hata kaburi moja la kulinda. Wazee wenu wakanileta hapa, wakanionyesha, wakaniambia walilala wanaume waliopigana mpaka mwisho, waliokufa watoto wao wasichukuliwe. Nikaangalia. Majani matupu. Hakuna hata mbuzi. Nikasema moyoni, hawa wanaume wakubwa namna hii, mbona wamelala kama watu wasio na mtu? Nikaleta ng'ombe zangu zote. Nikajenga. Nikasema, wasikie kwato na wao. Leo naambiwa nimewanyea."

Mimi niliyekua nikiwasikia wazee wakisimulia jinsi babu alivyozikwa, niliyezichomeka mimi mwenyewe nguzo za zizi lile, sikuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. Na yeye hakusema, kwa sababu kwake ilikuwa wazi kama jua: nani angehitaji kuelezwa heshima?

Capitoline alikuwa analia bila sauti. Akajifuta kwa ncha ya kilemba.

"Baba, hukusema."

"Hamkuuliza."

"Hatukuuliza," akakubali. "Tumekosa. Nitamwambia baba, na nitamwambia mbele ya watu. Lakini na mimi nikuambie kitu ambacho sisi hatukusema. Hawa hawakuwa wafugaji. Hawakuwa na ng'ombe. Walikuwa na mashimo ya mtama na wake zao na watoto. Walichimba hili handaki ili asiingie mtu bila ruhusa. Hicho tu. Hicho ndicho walichofia. Kwetu, kumheshimu mtu kama huyu ni kusimama nje ya handaki lake na usivuke mpaka akuite." Akavuta pumzi. "Na siyo kwamba hawana mtu. Mimi nipo."

Baba alimtazama. Jua lilikuwa limeshika pembe za ng'ombe, zinang'aa kama zimepakwa samli.

"Wewe upo," akasema hatimaye. "Naona." Kisha akatikisa kichwa. "Zizi nitalifikiria. Hiyo hifadhi, sitaki. Nimehama vya kutosha katika maisha yangu. Ikishakuwa hifadhi, ng'ombe ikivuka hata kwa bahati mbaya ni kesi. Mwombe Mungu asikupe ng'ombe, mwanangu, utateseka. Kesho sitanyoosha mkono."

"Nakuelewa, baba. Mimi nitanyoosha."

"Na mimi," nikasema.

Wote wawili waligeuka. Mimi mwenyewe nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka imetulia.

"Wewe nini?" baba akauliza.

"Kesho nitasimama kabla ya Capitoline. Nitasema mimi ni mtoto wa Masele, ng'ombe watakaotoka ni wetu, na mimi nakubali watoke. Kama mwenye hasara hajasema, maneno ya wengine ni kelele tu."

"Malale."

"Baba, nakuheshimu. Umenilea kwa fimbo hiyo na sijutii hata moja. Lakini hili nimeliona kwa macho yangu, na nikinyamaza nitakuwa mwanaume wa kukaa mkekani maisha yangu yote."

Mishipa ya shingo ya baba ilisimama. Nilijua hasira hiyo, ni yangu pia, nimeirithi kwake kama nilivyorithi masikio.

"Ukisema kesho," akasema, "ng'ombe za mahari utazitafuta kwa mikono yako."

"Nitazitafuta."

"Hutazipata mwaka huu."

"Nitazipata mwaka mwingine."

"Binti atakusubiri?"

Capitoline hakungoja niombe. "Nitamsubiri. Mashine haina haraka, na mimi sina. Ila baba, usiombe achelewe sana, nitakuja kumchukua mwenyewe."

Baba akafunga lango la zizi kwa ule mti wake mrefu, akaondoka kuelekea nyumbani bila kuaga.

*

Mkutano ulikaa asubuhi kwenye uwanja wa shule. Walikuja wakulima wa Usevya na wafugaji wa pande zetu, na wengine walitoka Majimoto kwa pikipiki wakidhani kuna chakula. Baba alikaa nyuma kabisa, fimbo imelala magotini.

Nilisimama. Sikuwa na maneno marefu. Nilisema mimi ni nani, nikasema hasara ni ya nani, nikasema nakubali. Mfugaji mmoja akapiga kelele, "Mapenzi hayo! Umelishwa nini?" Nikamjibu, "Wali, mzee, na bado naudai," uwanja ukacheka, nikakaa.

Kisha Capitoline akasimama. Hakuhitaji kipaza sauti, alikirudisha kwa mwenyekiti. Hakuanza na vita, wala hakuanza na hifadhi. Alianza na zizi. Alieleza mbele ya watu wote kwa nini Mzee Masele alilijenga pale, neno kwa neno, na akaomba radhi kwa niaba ya ukoo wake kwamba waliona matusi mahali palipowekwa heshima. Mzee Apolinari, aliyekuwa amekaa mbele, alivua kofia. Kisha ndipo akasema kuhusu trekta na mifupa na watoto wanaochezea risasi zilizowaua babu zao. Akasema, "Wao waliilinda Kalunde kwa mikono. Sisi tunaombwa kuinyoosha tu."

Mikono ilinyooshwa mingi. Ilipokuwa inahesabiwa niligeuka kumtafuta baba, nikaona nafasi yake tupu.

Kijiji kilikubali. Watu walikuwa wanampongeza Capitoline, wanawake wanamvuta huku na huku, lakini yeye alikuwa ananitafuta mimi kwa macho juu ya vichwa vyao, na sikuona ushindi kwenye macho yale. Niliona swali. Nikamjibu kwa kichwa: twende.

Mzee Apolinari naye akapanda nyuma ya pikipiki. Wote watatu, kama magunia.

Baba alikuwa Kalunde. Lango la zizi lilikuwa wazi, ule mti wa kufungia umelazwa pembeni, na boma la miiba alikuwa ameshaanza kulivunja upande mmoja, mikono yake inatoka damu. Ng'ombe walikuwa wamesimama ndani ya duara, hawajui waende wapi.

"Mmechelewa," akasema. "Wameshinda?"

"Tumeshinda, baba," nikasema.

"Nyie mmeshinda. Mimi sikunyoosha mkono, na sitasema nilinyoosha." Akamgeukia Mzee Apolinari. Walitazamana, wanaume wawili wenye nywele nyeupe, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Mzee Apolinari akaanza.

"Masele, nilikukosea jana. Sikujua."

"Na mimi niliingia kwa watu bila kubisha hodi. Sikujua." Baba akafuta damu ya mkono kwenye shuka. "Sasa nataka kutoka na siwezi. Nimejaribu kuziswaga, hazitoki. Hata mimi miguu haitoki. Nikawaza, mgeni hajitoi mwenyewe. Mgeni anasindikizwa na mwenye nyumba." Akamtazama Capitoline. "Jana ulisema upo. Basi tusindikize."

Capitoline akaenda mpaka mbele ya kundi, akainama akagusa udongo kwa kiganja, midomo yake ikasema jambo kwa Kipimbwe ambalo sikulisikia na sikuuliza. Akaanza kutembea. Yule dume mweupe akamfuata. Wengine wakafuata dume. Walipita kati ya mikuyu, wakashuka handaki, wakapanda ng'ambo, mimi kulia na Mzee Apolinari kushoto na baba nyuma, na hakuna aliyepiga mluzi wala kuinua fimbo.

Tulifika kwenye korongo linalogawa ardhi ya Kalunde na njia ya kwetu. Maji yalikuwa ya kufika kifundoni. Capitoline akasimama ukingoni, akasogea kando ng'ombe wapite, kama mwenyeji yeyote mwenye adabu anayemfikisha mgeni njia panda, akamuaga, akarudi. Walivuka wote. Baba alikuwa wa mwisho. Alivuka, akageuka.

"Mbona umesimama?"

"Mwenyeji anaishia hapa, baba. Safari njema."

"Na ng'ombe za mahari nani atazichagua? Baba yako? Baba yako ng'ombe haijui, anajua mashine. Ataniletea aibu, atachukua zilizokonda." Akageuza uso pembeni, akaliona shuka lake limechafuka, akalikung'uta bila sababu. "Vuka, mwanangu. Uje uone nyumbani."

Mzee Apolinari alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikuwa katikati ya maji, sijui nilifikaje, mkono wangu umenyooshwa kwake.

Capitoline akavua viatu.